UZI: Gari la zamani linakosa nguvu ukipandisha? Kabla hujanunua pampu, angalia filta ya mafuta

Mzee wa AE100:

Wakuu habari za saa hizi.

Naona humu kila wiki mtu analalamika gari haivuti, inakohoa, inashtuka shtuka barabarani, na majibu ni yaleyale, badili plagi, badili koili, kapime kwenye mashine, safisha nozeli (zile zinazonyunyizia injini mafuta), mwisho mtu anaambiwa pampu imekufa na anainunua. Filta ya mafuta hakuna aliyeiulizia. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 90, Corolla AE100, Starlet EP82 na wenzao, kile kikopo cha chuma kiko chini ya boneti hapo unakiona kwa macho, kimeunganishwa bomba la kuingia na la kutoka, na gari nyingi zinazotembea Dar hakijaguswa tangu ishuke bandarini. Kwaiyo uzi huu ni wa hicho kikopo tu, mambo ya gearbox tusiingize.

Kwanza dalili, maana hapa ndio watu wanapotea. Filta iliyoziba haisumbui gari ikiwa silensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Injini ikiwa imetulia inakunywa mafuta kidogo sana, hata filta iliyobaki na upenyo kidogo inapitisha ya kutosha. Uko kwenye foleni ya Buguruni AC inapuliza gari imetulia tuli unasema gari nzima hii. Unakuja kutoka Ubungo unapandisha Kimara, ndani mko watu wanne, unataka kuoveteki lori, unakanyaga mafuta gari inabaki palepale, sauti inabadilika, inavuta inaachia inavuta inaachia. Sasa angalia kitu kimoja hapo, UKIACHIA MGUU KIDOGO inakaa sawa na inaendelea kupanda taratibu. Hiyo tabia ya kukubali mguu mdogo na kukataa mguu mkubwa ndio inakuambia mafuta hayafiki ya kutosha. Haikuambii bado ni filta, inaweza kuwa pampu imechoka au kile kichujio cha nguo kilichovaa pampu huko kwenye tenki, ila inakutoa kwenye kununua sensa za kubahatisha.

Ikizidi inaanza kuwa ngumu kuwaka asubuhi, unapiga selfu muda mrefu. Mwendo mkubwa unaisha, mtu anatoka Kibaha kwenda Chalinze gari inagoma kuvuka mwendo fulani hata akanyage mpaka chini. Na pampu inaanza kulia, ukikaa siti ya nyuma unasikia mluzi. Pampu inasukuma kwenye ukuta, inafanya kazi kubwa kuliko ilivyopangiwa, inapata joto na inakufa kabla ya wakati. Ndio maana nasema mtu akibadili pampu akaacha filta ya zamani anainunulia pampu mpya ugonjwa uleule.

Kuna hii nyingine ya gari kuzima njiani, unapaki pembeni, unapiga simu kwa fundi, unapoa, unapiga selfu inawaka kama hakuna kilichotokea. Mara nyingi hii inaelekea huko kwenye tenki. Takataka zinavutwa zinagandamana kwenye kile kichujio cha nguo, pampu ikisimama zinadondoka chini, njia inafunguka. Pampu iliyochoka nayo inafanya hivyo ikipata joto. Filta ya nje ikiziba yenyewe huwa haiponi kwa kupumzika dakika kumi, ikiziba imeziba.

Kupima bila gharama: fungua filta (kwa tahadhari za presha nilizoweka aya inayofuata), elekeza ule upande wa KUINGIA kwenye bakuli jeupe au kitambaa cheupe umwage mafuta yaliyobaki ndani. Upande wa kutoka ukimwaga yatatoka masafi, usidanganyike na hayo, filta ilifanya kazi yake. Upande wa kuingia ndio ushahidi ulipo. Ikiwa mbovu yanatoka meusi au ya kahawia, na bakuli likitulia unaona vipande vyembamba vya kutu vinametameta chini na tope laini ukilisugua kwenye vidole halina punje. Ukiona matone yanakaa chini peke yake yanateleza kama shanga, hayo ni maji.

Kubadili sio kazi ya kutisha ila ni PETROLI, na ile ya mfumo wa nozeli iko kwenye presha hata gari ikiwa imezimwa. Injini iwe ya baridi. Chomoa soketi ya pampu au rilei yake, washa gari iishie yenyewe, piga selfu kidogo, kisha toa waya hasi wa betri. Kitambaa kizungushe kwenye nati kabla hujailegeza maana tone mbili tatu lazima zitoke. Sigara mbali, taa ya balbu ya waya mbali, na ule mtungi wa zimamoto unaoubeba kumuonyesha trafiki uutoe uweke karibu. Nati ya juu ni boliti yenye tundu, pembeni ina washa mbili (vile vipete bapa vya kuzuia kuvuja), weka MPYA zote, za zamani zimeshabonyea zitavujisha. Shika kikopo kwa spana moja wakati unafungua na nyingine usije ukasokota bomba la chuma. Mshale kwenye filta unaelekea injini.

Mwenye swali aweke hapa, na mafundi karibuni mrekebishe.

Dereva Gongo la Mboto:

Mkuu asante kwa uzi. Mimi yangu inamisi hata ikiwa silensa, inatetemeka mpaka dashibodi, ukikanyaga mafuta ndio inakuwa afadhali kidogo. Fundi kasema filta. Ni filta kweli hiyo?

Mzee wa AE100:

Kwa maelezo hayo sikubaliani nae ndugu. Yako ni kinyume cha nilichoandika, inasumbua ikiwa imetulia na ikipata mzigo inajitahidi. Hapo anza na plagi, waya za plagi, na hewa inayoingia kwa njia ya wizi, zile hozi za vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) zimekauka na joto la huku. Chomoa waya wa plagi mmoja mmoja gari ikiwa inaunguruma, tumia kishikio chenye mpira, ule ambao ukichomoa injini haibadiliki ndio mlango (silinda) wenye tatizo. Mafuta machache yanasumbua milango yote, mlango mmoja ukikufa peke yake filta haihusiki.

Fundi Ilala:

Mleta uzi umeongea vizuri, niongeze la kiufundi maana bakuli peke yake halitoshi kumwambia mteja atoe hela.

Toyota za zamani zina kiboksi kimeandikwa DIAGNOSIS pale kwenye injini. Ukiunganisha tundu la +B na la FP kwa kipande cha waya, ufunguo ukiwa ON, pampu inazunguka bila kuwasha gari. Usikosee matundu, soma kifuniko kwa ndani yameandikwa. Ukifanya hivyo sikiliza kwenye tenki kama pampu inalia, na ushike hozi ya kurudisha mafuta utasikia yanapita.

Geji ya presha ndio mwamuzi. Injini za hizi Corolla kama 4A-FE na 5A-FE ukiunganisha hivyo, unatakiwa uone kama psi (kipimo cha presha) 38 mpaka 44. Gari ikiwaka ikiwa silensa inashuka kwenye 31 mpaka 37 kwasababu regyuleta (kidhibiti presha ya mafuta) inavutwa na vakyumu, ukichomoa kile kimpira cha vakyumu lazima ipande tena. Kimpira ukikinusa kina petroli ndani basi ngozi ya regyuleta imepasuka, filta haihusiki kabisa hapo, na gari itakuwa inakula mafuta na moshi mweusi.

Alafu presha sio kila kitu. Filta iliyoziba inaweza kukuonyesha presha nzuri gari ikiwa imesimama maana hakuna anayekunywa. Ndio maana tunapima na wingi. Chomoa hozi ya kurudi tenki, iweke kwenye chupa ya kuonyesha, washa pampu kwa ule waya sekunde 30. Ikifika nusu lita au zaidi mfumo unapumua. Ikidondoka kama bomba la maji la DAWASA siku ya mgao, badili filta kwanza, rudia kipimo. Ikibaki vilevile shuka kwenye tenki, kichujio cha nguo na pampu.

Na kabla ya yote hayo, masega, kile kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi. Gari lenye masega yaliyoyeyuka na kuziba kwenye ekzosi linakosa nguvu mlimani sawasawa na lenye filta mbovu. Tofauti yake, masega yakiziba gari inakuwa nzito siku zote na haishtuki shtuki, na ukipiga resi inapanda alafu inajifia kidogo kidogo, ekzosi inatoa pumzi dhaifu. Waliokata masega wakauza hili haliwahusu 😂

Kifaru wa Tegeta:

Nyie mnatupotezea hela. Fundi wangu anaipuliza na kompresa, kinyumenyume, uchafu wote unatoka, gari inarudi kama mpya. Miaka yote nafanya hivyo.

Fundi Ilala:

Kaka kile ndani ni karatasi imekunjwa kunjwa, imelowa petroli miaka kadhaa. Ukiipiga upepo wa kompresa kinyume unaichana. Gari lazima ivute vizuri, tundu lipo! Sasa ule uchafu uliokuwa unazuiwa na karatasi unaenda moja kwa moja kwenye nozeli, na nozeli tundu zake ni nyembamba kweli. Miezi kadhaa mbele unakuja kuniambia gari inamisi mlango wa tatu tunasafisha nozeli, hauunganishi tena na ile kompresa. Filta ya chuma ya petroli haioshwi wala haipulizwi. Inatupwa.

Kifaru wa Tegeta:

Mimi sijaona tatizo lolote bado. Ila sawa.

Kijana wa Mbagala:

Wakuu kuna kifundi huku kaniwekea kile kifilta cha plastiki cheupe, kama cha bodaboda, kakata bomba akakichomeka na klempu. Anasema faida yake naona uchafu kwa macho. Gari ni ya nozeli. Iko sawa?

Mzee wa AE100:

Toa LEO. Sio kesho.

Kifilta kile ni cha gari la kabureta na pikipiki. Kabureta inasukumiwa mafuta kwa presha ya chini sana, psi 3 mpaka 5 hivi, na pikipiki mafuta yanashuka yenyewe tu kutoka tenki. Mfumo wako wa nozeli uko psi 40 karibu. Plastiki ile ipate joto la injini, ipate mtikisiko wa barabara ya Mbagala, ipasuke au hozi ichomoke kwenye klempu, petroli inanyunyiza juu ya ekzosi yenye moto. Hapo hatuongelei tena gari kukosa nguvu. Na hozi aliyotumia kama ni ile laini ya kabureta nayo itoke, ipo hozi ya presha imeandikwa ubavuni EFI, yaani ya mfumo wa nozeli. Yeye aliyekata bomba la chuma arudishe bomba, kama halirudishiki tafuta la mtumba Ilala, wanaokata magari wanayo.

Kwa mwenye kabureta kweli, kifilta hicho ni kizuri na ni rahisi, unakiona kikibadilika rangi unabadili. Usiogope tu ukiona hakijajaa, wengi wanadhani mafuta hayafiki, kuwa nusu ni kawaida yake.

Mama wa IST:

Samahani mimi si mtu wa magari ila nimesoma wote mpaka hapa. Gari langu ni IST, fundi kasema IST haina filta ya mafuta. Dada yangu ana Corolla NZE121 kaambiwa hivyo hivyo. Ni kweli?

Mzee wa AE100:

Karibu dada. Inayo, ila haipo nje, imewekwa ndani ya tenki pamoja na pampu, kitu kimoja. Unanyanyua siti ya nyuma, kuna kifuniko cha bati, chini yake ndio kichwa cha pampu. Watengenezaji walihamia huko na kusema itadumu, kwa petroli ya kwao sawa. Gari ya 2002 mpaka 2005 iliyofika hapa na maili zake, alafu ikanyweshwa vidumu na vituo vya kila aina, usihesabu kwamba inadumu milele. Usiifungue bila dalili lakini, maana raba ya kile kifuniko ikirudishwa vibaya utanusa petroli ndani ya gari na watoto wako humo. Kama gari haina shida yoyote iache.

Uzuri wa gari lako lina soketi ya kuchomeka mashine ya kupimia. Ikiwasha taa ya injini na mashine ikasoma P0171, maana yake hewa nyingi mafuta machache, filta na pampu ziko kwenye orodha ya watuhumiwa, na sensa ya hewa iliyochafuka pia ipo. Mtu asikuuzie pampu kwa namba hiyo peke yake. Mwambie apime presha mbele yako.

Konda mstaafu:

Mbona mmesahau dizeli. Huku kwenye Hiace ndio kuna vilio. Yangu yenye injini ya 5L inabeba abiria, asubuhi inagoma kuwaka ikiwaka inazunguka kwa kulegea dakika nzima.

Fundi Ilala:

Mzee dizeli ingetaka uzi wake, ila kwa kifupi: hiyo ya asubuhi tu mara nyingi ni hewa inaingia usiku, mafuta yanarudi nyuma. Pale juu ya filta kuna kitufe cha kupampu kwa mkono. Asubuhi kabla ya kupiga selfu kipampu. Kikiwa laini unakisukuma tu hakina ugumu, alafu kikakaza na gari ikawaka vizuri, jibu umepata, tafuta kipira kilichochoka kwenye hicho kichwa cha filta au hozi yenye ufa. Plagi za joto nazo ukague hapohapo, ila hizo hazikazi kitufe.

Chini ya filta kuna koki ya kutolea maji. Ifungue mara kwa mara utoe mpaka ije dizeli safi, msimu wa mvua usisubiri taa ya dashibodi. Dizeli ni mbaya zaidi kwenye maji kuliko petroli kwasababu pampu kubwa na nozeli zinalainishwa na hiyohiyo dizeli, hakuna oili nyingine inayofika mule. Maji yakipita, unachubua vyuma ambavyo bei yake unaijua mwenyewe. Kwa gari ya biashara mimi nabadili filta kila km 10,000, ukiipeleka 20,000 ni juu yako.

Mdau wa Sinza:

Chanzo cha yote ni sheli. Wanatuuzia mafuta yaliyochakachuliwa mnatuambia filta filta.

Mzee wa AE100:

Nusu kweli. Uchakachuaji wa kuchanganya mafuta ya taa ulikuwa janga kweli, EWURA, wasimamizi wa nishati, wakaanza kuweka vinasaba (alama ya siri ya kutambua mafuta) kwenye mafuta 2010, na 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mpaka faida ya kuchanganya ikapungua sana. Na angalia, mafuta ya taa yenyewe hayazibi filta. Yanapita. Gari itagonga, itakosa nguvu, plagi zitachafuka, ila karatasi haitaziba kwa mafuta ya taa. Kinachoziba ni kutu, vumbi, tope na takataka, na sehemu kubwa ya kutu hiyo inatoka kwenye TENKI LAKO, bati la miaka 25 hilo.

Ndio maana ukibadili filta ikaziba tena haraka usinunue ya tatu. Shusha tenki, lisafishwe, kichujio cha nguo kibadilishwe.

Na hii ya kutembea na taa ya mafuta imewaka kila siku, tunaweka ya elfu kumi asubuhi ya elfu kumi jioni. Watu wanasema mafuta yakiwa kidogo ndio pampu inavuta uchafu wa chini. Pampu inavuta chini siku zote hata tenki likijaa, kwaiyo hilo sio lenyewe. Shida ni kwamba pampu inapozwa na mafuta yaliyoizunguka, na ule uwazi wa tenki tupu kwa unyevu wetu wa pwani unatengeneza matone ya maji ukutani usiku, bati linakula kutu. Nusu tenki kama mfuko unaruhusu. Ukikuta lori linashusha mafuta kituoni ondoka nenda kingine, tope la chini ya kisima limeshavurugwa. Na risiti usitupe, siku gari ikizimia mita mia mbili kutoka kituoni bila risiti huna pa kuanzia malalamiko.

Dereva Gongo la Mboto:

Nimerudi wakuu. Ni waya wa plagi mlango wa pili, ulikuwa unapiga cheche pembeni usiku tunaona kabisa. Gari imetulia. Ila na filta nitabadili maana ya kwangu imeota kutu mpaka maandishi hayasomeki. Gerezani kwenye maduka ya spea nikifika niombe nini ili nisipigwe?

Mzee wa AE100:

Hongera ndugu. Nenda na ile ya zamani mkononi, au piga picha ya nati zote mbili na ubavu wa kikopo, na uwe na namba ya chesesi, usimwachie muuzaji akisie kwa macho. Ukipewa mpya itikise, ikilia kitu ndani irudishe. Itazame nyuzi za nati, feki zinakuja na nyuzi zimekatwa hovyo na vizibo vya plastiki havikai. Orijino ikikushinda bei chukua ya kampuni ya filta inayojulikana, ile isiyo na jina kwenye boksi jeupe iache hapohapo. Ulizia washa za shaba pamoja nayo, wengi wanauza filta bila washa na utakumbuka ukiwa umeshafungua.

Ukimaliza kufunga usikimbilie kuwasha. Rudisha betri, unganisha ule waya wa +B na FP aliosema fundi, acha pampu izunguke nusu dakika, pitisha tishu kavu kuzunguka nati zote mbili. Tishu ikilowa kaza tena au badili washa. Ikiwa kavu toa waya, piga selfu, itachelewa kidogo kushika mara ya kwanza maana filta ilikuwa tupu.

Kifaru wa Tegeta:

Hizo washa zinauzwa peke yake? Maana filta ninayo ndani, niliinunua siku nyingi.

Fundi Ilala:

Zinauzwa. Chukua mbili, ni za ile boliti ya juu yenye tundu.